Hajielewi

Neno "hajielewi" lilijifuta tena.

Kaka mkubwa hakuwa amegusa chochote. Mikono yake ilikuwa mapajani, macho kwenye skrini, na herufi zikawa zinaondoka mojamoja kutoka nyuma. Kisha zikaja nyingine: "anajielewa".

Akageuka. Mdogo wao, kitinda mimba, alikuwa kwenye kochi, simu mkononi.

"We bwana mdogo, acha upuuzi."

"Si mimi, Kaka."

Akaandika upya, akivibamiza vitufe. Yalikuwa maombi ya kupeleka mahakamani: kwamba mama yao hajielewi tangu apooze, hivyo nyumba yake iwe chini ya mwanawe wa kwanza, aiuze. Zilitakiwa sahihi za watoto wote. Dada yao alishakubali, ingawa tangu akubali alikuwa anatazama sakafu tu. Mdogo mtu alikataa katakata.

Mama mwenyewe alikuwa palepale dirishani, kwenye kiti cha magurudumu, shingo imelala upande, blanketi limemfunika hadi kifuani. Tangu upande wa kulia ufe hakuwa ametamka neno. Mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka chini ya blanketi. Siku hizi ulitetemeka kutwa, na hakuna aliyeujali. Zamani alikuwa mpiga chapa wa ofisini, na wote watatu walilishwa na vidole vile.

Neno likafutika. Safari hii ikaja: "anajielewa sana".

Kila mtu mle ndani alijua kazi hiyo ni ya nani. Mdogo mtu ndiye aliyeiwekea kompyuta ile programu yake, ukiandika kwenye simu, maneno yanatokea kwenye skrini bila waya wowote. Hata simu kuukuu ya dada aliiomba, eti ya majaribio, na hakuirudisha. Kaka alipomuuliza ya nini yote hayo na kibodi ipo, alijibu kwamba kibodi inataka mikono miwili. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Mwanamume mzima, mikono yote anayo, mvivu wa kubofya.

Leo hakucheka. Alisimama kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yake. Akayatapika yote aliyoyafungia tumboni: kwamba amechoka kubeba ukoo mgongoni, kwamba mtu asiye na mke wala mlango wake mwenyewe hana la kumfundisha, kwamba anang'ang'ania nyumba kwa sababu bila hiyo atalala barazani kwa watu.

Mdogo mtu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ndiye ninayemwogesha," akasema. "Wewe hujui hata chai yake anaitaka vipi. Ungemuuliza mwenyewe kama anataka kuhama."

"Nimuulize nani? Heri niuulize ukuta, utanijibu upesi."

Mkono wa Mama ukatulia.

Dada akasema taratibu, "Kaka, asije akasikia." Kaka akamjibu kwamba hiyo ndiyo shida yao, wanaongea na gogo kama mtu.

Mdogo mtu akanyanyuka. Kaka akamwahi, akampokonya simu na kuibamiza ukutani. Kioo kikamwagika sakafuni. Akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikapinda, halafu akamkamata mdogo wake ukosi, akamsukuma nje na kufunga mlango kwa komeo. Huko nje hakukusikika matusi wala kugonga.

Akainua kiti, akaketi, akafuta uongo ule, akaandika "hajielewi". Akangoja, anahema. Neno likakaa.

"Umeona?" akamwambia dada. "Njoo usome, tuichape, utie sahihi."

Dada akaja, akainama nyuma ya bega lake. Alishika mdomo.

Chini ya maombi herufi zilikuwa zinatoka mojamoja, polepole, bila kosa hata moja:

"Asiyejielewa ni wewe, mwanangu. Mfungulie mdogo wako mlango."