Herufi za Zamoyoni

Nyangalio alizichora herufi zile kwa mkono wake, wakati bintiye Zamoyoni alipogoma kujifunza kusoma. Z aliifanya ikate kiuno. M aliivisha viatu. O aliipa mashavu manene ya mtoto huyohuyo, yakicheka. Zamoyoni akacheka, akasoma.

Baadaye Kisesa, mwenye duka la kuchapa mabango, akaziomba na kuziingiza kwenye kompyuta. Mji mzima ukazivaa: saluni, kibanda cha chipsi, kadi za kipaimara.

Leo zilitundikwa getini kwa Nyangalio, kwenye bango la msiba, juu ya picha ya Zamoyoni.

"Kisesa, umefanya nini?"

"Mzee wangu, si ndizo alizozipenda marehemu? Nimemuenzi."

"Umemtangaza kama chipsi!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiingia msibani alitazama juu, akaziba mdomo kwa kitenge. Haikujulikana kama analia.

Nyangalio akaagiza kopo la rangi nyeusi na brashi, akapanda kiti cha plastiki. Angezifuta zote, kisha kuliandika jina upya pembeni kwa herufi zilizonyooka, kama watu wanavyoandikwa wakifa. Akaifuta Z. Akaifuta A. M nayo ikaenda na viatu vyake.

Kwenye O mkono ukagoma.

"Shuka, mzee," Kisesa alisema. "Gari la maiti linaingia."

Nyangalio hakushuka. Rangi ilichuruzika kutoka kwenye brashi, ikaanguka tone kwa tone juu ya picha, na mbele ya pua yake yale mashavu yaliendelea kucheka.