Kibati cha Kuombea Heri

Siku hizi oveni za nyumbani huumusha tabaka moja tu ya keki kwa kila mtu atakayekuwa hai nyumbani humo mwakani, na hazijawahi kukosea. Basi Tunu, kama ilivyo desturi, alimimina rojo la chokoleti kwenye vibati viwili, na cha tatu cha kuombea heri. Viwili vikaumuka vizuri; cha tatu kikabaki ujiuji vilevile.

“Mbili! Tumo sote, mke wangu, alhamdulillahi!” Shamte, mumewe, alishangilia, akipaka chokoleti katikati ya tabaka huku akilamba mwiko.

Tunu akacheka, akamkatia pande nono. Habari aliyotoka nayo kliniki asubuhi, kwamba sasa wako watatu, akaimeza pamoja na keki.