Tulieni Kwanza

Hilary alimrushia binamu yake sahani. Ikampita juu ya kichwa na kupasukia ukutani. Hilary hakulia wala hakuomba msamaha. Alisimama akiutazama ukuta.

"Sikukuu imewapanda kichwani hawa," Blandina, mama yake, alisema, akiinama kuokota vipande.

Ulikuwa mchana wa kuamkia Krismasi, na nyumba yake pale Karatu haikuwa na pa kukanyaga. Ndugu walikuwa wameshafika kutoka Arusha na Mbulu. Uani mbuzi alikuwa anachunwa, spika inanguruma, watoto wanakimbizana na maputo. Aliyekosekana ni Emilian, mumewe, dereva wa watalii. Alfajiri alikuwa ameshuka kreta, kule hifadhi ya wanyama, na wageni, akaahidi kurudi kabla jua halijazama.

Blandina alikuwa mwalimu wa chekechea. Kila Desemba aliwaona watoto wakivurugwa na kelele, soda na nguo mpya, na alijua la kufanya. Unawakalisha chini, wanafumba macho, wanavuta pumzi taratibu na kusikiliza, mpaka moyo utulie. Darasani ilifanya kazi. Nyumbani, wanawe walimcheka.

Leo walimtia wasiwasi. Hilary hakuwa amegusa soda yake. Dada yake Ritha, wa darasa la saba, alisimama getini akitafuna kucha, na alipoitwa hakugeuka.

Mara muziki ukazimwa.

"Umeme umekatika?" Blandina aliuliza.

"Hapana, shemeji," alijibu Damiano, kaka yake Emilian, akiisukumiza mfukoni simu aliyokuwa akinong'ona nayo tangu asubuhi. "Acha watoto wapumzishe masikio."

Blandina alimshukuru moyoni. Angalau mtu mmoja alikuwa ameelewa.

Jikoni, jirani yake Mama Filbert akamnyang'anya mwiko. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. "Nenda ukakae na wanao, mwalimu. Huku tupo sisi."

Hakuwa amefika hata sebuleni Ritha alipomshika mkono.

"Mama, tufanye ile ya kutulia."

Blandina alimtazama kama aliyesikia vibaya. "Wewe? Leo?"

"Na Hilary pia anataka."

Wakaketi chumbani juu ya mkeka. Hilary, aliyekuwa akijiona mkubwa wa kutopakatwa, alijipenyeza mapajani kwa mama yake.

"Fumbeni macho," Blandina alisema, naye akafumba yake. "Vuta pumzi. Iachie polepole. Sasa sikilizeni tu."

Akasikiliza. Uani watoto walikuwa wamenyamaza. Visu vilikuwa vimenyamaza. Magari yalikuwa yakiingia getini, moja baada ya jingine, na watu wakishuka bila kupiga hodi wala vigelegele. Miaka yote alikuwa akiitamani Krismasi ya namna hii.

"Mnaona?" alinong'ona akitabasamu. "Kumbe mnaweza. Baba akirudi tutamfundisha na yeye."

Mwili wa Hilary ukaanza kutikisika kwa kilio kisicho na sauti. Blandina akataka kumtazama, lakini kiganja cha Ritha kikamziba macho.

"Usifungue, mama," Ritha alisema. "Baba mkubwa yuko mlangoni na katekista. Ametuomba tukutulize kwanza, ndipo akuambie habari za baba."