Bao Lililongoja Sauti ya Kunguru

Hapo kale Nungunungu, mnyama asiyejua kutulia, alinunua bao la mninga kwa Kunguru. Bao lilikuwa na kifuniko, na kifuniko hakikufunguka mpaka Kunguru alie kutoka kilimani kwake.

"Kwani si nimeshalinunua?" Nungunungu aliuliza.

"Bao ni lako, bwana. Kifuniko ndicho changu. Kikisikia sauti yangu, kinajua hukuiba. Wezi wamezidi, hasa yule Ngedere!"

Basi kila alipotaka kucheza, Nungunungu alimwita Kunguru, akangoja. Jioni moja aliita, kimya. Akaita tena, kimya. Akazunguka uwanja mzima miiba imemsimama, akakipiga kifuniko teke, akaumia mwenyewe. Wageni wake wakaanza kuaga.

Mara akasikia kete zikigonga kwa jirani. Ngedere, aliyeiba mchoro wa bao lile akajichongea lake lisilo na kifuniko, alikuwa akicheza na kucheka.

Nungunungu akakwea kilima mbio kudai haki yake. Akamkuta Kunguru amekaukiwa na sauti kwa mafua, anahangaika mbele ya bao lake mwenyewe. Nalo limefungwa!

Nungunungu akageuka. Akashuka hadi kwa Ngedere, akapanga foleni. Punde akasikia mabawa nyuma yake.

"Nani wa mwisho?" Kunguru alinong'ona.

"Mimi," alijibu Nungunungu. "Kaa hapo nyuma yangu, bwana. Hapa kwa mwizi hatuitwi wezi."