Mrithi wa Chevelle

Leonard Wojtas alifumba macho kabla gari halijaonekana.

"Chevelle," akasema. "Ya mwaka sabini. Injini ni ile ile ya kiwandani, na imefungwa na mtu anayeijua kazi."

Odell, jirani yake, aliacha kutafuna soseji. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya Barabara ya Woodward, kama kila Jumamosi ya Agosti, wakati magari ya zamani yanapopita polepole ili yatazamwe, na nusu ya Detroit hutoka kuyatazama. Odell alikuwa tayari kumcheka, lakini kweli Chevelle ikatokea: imeshushwa chini, imevalishwa magurudumu mapana, imepakwa rangi ya kijani ya kuumiza macho.

"Mkeo, Mungu amrehemu, hukuwahi kumsikiliza hivyo," Odell akasema.

Leonard alitega sikio barabarani. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Maisha yake yote ya kazi alifunga injini kiwandani, na hii ilinguruma sawasawa na ya Chevelle yake mwenyewe, hadi kile kikohozi kidogo dereva anapoachia pedali ya mafuta. Hakuwahi kudhani kwamba duniani kulikuwa na nyingine kama hiyo.

Na gari lake ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi. Mwisho wa mwezi alikuwa anahamia makazi ya wazee, ambako hakuna gereji, na hakuwa na wa kumrithisha. Binti alikuwa naye, Roxanne, tena fundi. Ila fundi wa kuyatoa magari roho. Kazi yake ni kung'oa injini na kupachika betri mahali pake ili gari liende kwa umeme. Majira ya kuchipua alikuja kuliomba hilo gari, baba akamwambia ni heri alizike. Basi akaomba angalau alisikie likiunguruma kwa mara ya mwisho. Mzee akaliwasha, naye binti muda wote akasimama ameshika simu. Leonard aliona ni dharau, akaumia sana, na tangu siku hiyo hawajasemezana.

Chevelle ya kijani ilisimama kwenye taa nyekundu. Leonard akajikokota na magoti yake mabovu hadi dirishani, akamwomba dereva aegeshe. Kijana huyo, aliyejitaja kuwa ni Quentin, akaegesha bila ubishi. Mzee akalizunguka gari, akaisamehe rangi, akayasamehe na magurudumu, kisha akaweka kiganja juu ya boneti. Haikuwa na joto hata kidogo. Alimwambia Odell kwamba aliyepanga upozaji wa namna hiyo anastahili nishani.

"Mzee, kuhusu hii injini," Quentin akaanza, "kusema kweli..."

"Usiniambie. Nimeshaisikia."

"Ni kwamba fundi wangu..."

"Kijana, nimekwambia nimeshaisikia."

Odell alipoona rafiki yake anatoa mfukoni funguo za Chevelle yake, akamvuta shati. Akamkumbusha kwamba huyo mtu hamjui, kwamba amemwona barabarani sasa hivi tu, na kwamba jambo kama hilo watu hulilalia kwanza.

"Mpigie Roxanne, Lenny. Japo umuage tu."

"Roxanne ataling'oa moyo wiki hiyo hiyo. Huyu je, gari lake hulisikii?"

Nyumba ya Leonard ilikuwa mtaa wa pili. Wazee walitangulia kwa miguu, kijana akawafuata taratibu huku gari likinguruma nyuma yao, na Leonard akatembea kama bwana harusi. Alifungua gereji, akamkalisha Quentin kwenye usukani wa Chevelle yake, kisha akatia saini hati ya gari na kumkabidhi pamoja na funguo. Hakutaka hata senti. Quentin akavipokea kwa mikono miwili.

"Sharti langu ni moja," Leonard akasema. "Asiliguse fundi mwingine yeyote ila huyo aliyelitengeneza lako. Niapie."

Quentin aliapa mkono ukiwa kifuani, kisha akamkumbatia mzee. Odell aligeuka pembeni akajipangusa uso, maana hata yeye ilimgusa.

"Jumatatu asubuhi nampelekea," Quentin akasema. "Atafurahi mno, mzee. Sasa naomba uniazime soketi ya umeme, betri za gari langu zimekaribia kwisha chaji. Huo mngurumo ni spika tu. Fundi wangu, dada mmoja, alirekodi gari la baba yake kwa simu; anasema tangu wakosane, hiyo ndiyo sauti pekee ya nyumbani anayoisikia."