Nungunungu Aliyeshika Mkia

Wanyama wa mjini walipanga kupanda mlima ulio nyuma ya mji, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nungunungu mzee aliomba kufuatana nao, maana alizaliwa huko juu, na alitaka kuliona pango la mama yake kabla miguu haijamkatalia kabisa.

"Njoo, bibi, lakini ushike mkia," alisema Mbuzi, aliyejifanya kiongozi kwa ajili ya mbio zake.

"Zamani mzito ndiye aliyetangulia," alijibu Nungunungu.

"Zamani hamkuwa na haraka," alidakia Paka, na wote wakacheka.

Mbuzi alikwenda kasi mpaka njia ikaishia kwenye genge. Ilikuwa nyembamba, mwamba upande huu na korongo upande ule, kwa hiyo kila mmoja aligeuka pale pale aliposimama. Wa mwisho akawa wa kwanza.

"Bibi, tupishe basi!" alilalamika Mbuzi.

"Piteni, wajukuu zangu."

Lakini nani angejipenyeza kwenye miiba ile? Wakamfuata polepole hadi njia panda ambayo Mbuzi aliipita mbio bila kuiona. Hapo Nungunungu alikata kushoto. Aliwaonyesha jiwe ambalo baba yake alilinolea meno, na kijito alichokatazwa kuvuka utotoni. Alipofika pangoni alinusa kizingiti, kisha kuta za ndani moja moja.

Hakuna aliyemharakisha. Mwishowe Mbuzi aliuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, mlikuwa mkilala wangapi humu?"

Akaanza kuwataja mmoja mmoja, na habari ya kilele haikuulizwa tena.