Serikali Efemera

Saa nne asubuhi kapteni aliweka gazeti mezani pa mhariri wa kamusi, akagusa neno moja kwa ncha ya kalamu. Mwandishi alikuwa ameiita serikali ya kijeshi, iliyotwaa madaraka wiki ile, "serikali efemera".

"Neno gani hili, mzee? Limetoka wapi?"

Mhariri alilijua vizuri. Ni la Kigiriki. Waganga wa kale waliliita hivyo joto la homa inayoanza na kuisha siku hiyohiyo. Pia ni jina la mdudu anayetoka majini asubuhi na kufa jioni. Kwa ufupi, kitu kisichodumu.

Alijua pia kwamba mwandishi yuko rumande, na kwamba ni shemeji yake. Asubuhi hiyo mkewe alimwomba jambo moja tu: afanye awezalo kaka yake atoke hai.

Maisha yake yote hakuwahi kupotosha maana ya neno.

"Ni sifa, afande," alisema. "Kitu imara, kisichong'oka."

"Vijana wangu wanasema ni tusi."

"Vijana wako wamesoma kamusi ipi?"

Kapteni akacheka kidogo. Kama ni hivyo, alisema, mwandishi atatoka kesho. Ila neno zuri namna hiyo halifai kuishia gazetini. Akampakia mhariri garini hadi redioni. Saa saba mchana, mbele ya kipaza sauti, akalieleza taifa zima kwamba serikali mpya ni efemera, na kwamba wanaodhani ni tusi hawakusoma.

Aliporudi nyumbani, mkewe alimshika mikono yote miwili.

Saa kumi na moja risasi zililia upande wa ikulu. Zilipotulia, redio ikapiga muziki wa bendi, kisha sauti ngeni ikatangaza kwamba watawala wamepinduliwa na wafungwa wao wote wameachiwa.

Jua lilikuwa bado halijazama mlango ulipogongwa. Mkewe alifungua, akamwangukia kaka yake kifuani, akilia. Nyuma ya kaka walisimama askari wawili wa watawala wapya.

Shemeji alimwondoa dada yake taratibu, akamtazama mhariri.

"Kule ndani walitufungulia redio," alisema.

Akawageukia askari. "Ndiye huyu."